Nyie vyuo vya dizaini, Photoshop siku hizi inachorwa kwa penseli?

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Nina ofisi ndogo ya uchapaji hapa Kariakoo. Kadi za harusi, kadi za mchango, mabango, vitabu vya risiti. Kila msimu wa mafunzo kwa vitendo naletewa vijana wa dizaini, na kila msimu naanza nao moja. Safari hii kaja binti wa mwaka wa pili, chuo sikitaji. Nikamwambia fungua Photoshop, ile programu ya kompyuta ya kuhariri picha, mtoe huyu bibi harusi kwenye ukuta wa nyuma. Akatazama kioo, akanitazama mimi, akatoa daftari kwenye begi. Ndani kachora kile kisanduku cha zana cha Photoshop, chote, kwa penseli na rula, kila kitufe na jina lake pembeni. Kazi safi kabisa! Ndivyo wanavyofundishwa: mwalimu anawasha projekta, darasa linanakili. Mtihani ukija, "taja kazi tano za kalamu", yaani ile zana ya kuzungushia umbo na kulikata. Binti kapata A. Kuivuta hiyo kalamu kwa mausi hajawahi.

Simlaumu hata kidogo. Kwao wamelipa ada, na maabara ya kompyuta ipo, tena ndiyo iliyopamba brosha ya chuo. Ufunguo anao mkuu wa idara, inafunguliwa wakija wakaguzi. Wenzake wanajifundisha dizaini kwa programu ya Canva kwenye simu, usiku, kwa bando lao wenyewe. Sasa ada ni ya nini?

Nikampigia msimamizi wao. Ati leseni ni ghali na mashine zao ni dhaifu. Sawa, Adobe, wenye Photoshop, tangu 2013 wamehamia kwenye malipo ya kila mwezi, toleo la CS6 la 2012 ndilo la mwisho ulilonunua mara moja ikawa yako. Na Photoshop ya sasa inataka RAM ya GB 8 kwa uchache. Lakini nani kawalazimisha Photoshop? GIMP ya kuhariri picha, bure. Inkscape ya kuchora nembo, bure. Scribus ya kupanga kurasa, bure, na inatoa PDF ya CMYK, yaani rangi za wino wa uchapaji, ambayo naipokea bila maswali. Hizo zinakwenda hata kwenye kompyuta ambazo Photoshop mpya inazikataa. Kijana aliyeelewa leya (matabaka ya picha) na kalamu kwenye GIMP, Photoshop hainipi shida kumfundisha. Aliyekariri majina ya vitufe ndiye anayenitoa jasho.

Hasara naibeba mimi. Kijana mwingine kapokea nembo ya kikundi cha akina mama kwa WhatsApp, upana pikseli 800, kaivuta mpaka bango la mita 3. Kwa ubora wa kadi, pikseli 300 kwa inchi, picha hiyo inatosha sentimita 7 hivi, basi. Bango halidai ubora huo, najua, lakini hapo zilibaki pikseli kama 7 kwa inchi! Herufi zikatoka kama matofali. Flexi, ile turubai ya bango, jalalani, hela yangu. Hujakaa sawa, kadi zinakuja na bluu kali ya RGB, yaani rangi za kioo cha kompyuta, kwenye wino inageuka zambarau, mteja anagoma. Halafu pembeni hawajaacha zile milimita 3 za ziada za kukatwa, kisu kinakula jina la baba wa bwana harusi. Nenda kamweleze mzee huyo.

Msimamizi kaja wiki iliyopita. Kasimama nyuma ya binti akapigwa picha, kasaini daftari la mafunzo, kaondoka. Hakuuliza hata faili moja. Picha wameirusha kwenye ukurasa wa chuo, juu yake wameandika "teknolojia katika elimu".

Wazazi, kabla hamjalipa muhula ujao, ombeni kuingia hiyo maabara siku ya kawaida, bila taarifa. Muulizeni mwanafunzi yeyote anashika mausi saa ngapi kwa wiki.

Na nyie wenye ofisi za uchapaji, Mwanza, Arusha, Mbeya, mnaletewa vijana wa aina gani? Au ni mimi tu?