Ushauri: nataka kuweka sakafu ya mbao kwenye Pijo 504 pikapu

Habari za majukumu wakuu. Nipo Tanga, nina pikapu Pijo 504 aliyoniachia marehemu baba. Injini haina shida, ila sakafu ya bodi imekwisha. Miaka mingi ilibeba machungwa ya Muheza, baadaye samaki na barafu, na maji ya chumvi yameila. Juzi nimegonga nyundo kidogo karibu na mlango wa nyuma, ikatoboa nikaona ardhi. Vyuma vya chini vinavyoshikilia sakafu bado vizima, kutu ni ya juujuu.

Fundi mmoja anataka achomelee bati jipya juu ya la zamani. Mwingine anasema nitumie mbao za dawa. Nafasi ni kama mita 2 kwa 1.4, na gari inalala nje. Nifanyeje?

Mchomeleaji
Bati juu ya bati kataa kabisa mkuu. Maji yataingia katikati na hayatatoka. Ng'oa lote, piga brashi ya waya mpaka chuma king'ae, paka redoksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) mara mbili, kisha rangi.

Seremala wa Pwani
Mbao za dawa ni nzuri kwenye paa, ila dawa yake mara nyingi ina shaba, na shaba ikilowana ikiwa imegusa chuma, chuma kinaliwa upesi. Tafuta mtiki, shamba la mitiki la Longuza lipo hapo Muheza. Mninga pia unafaa. Chukua unene wa inchi moja. Kwa vipimo vyako ni kama kilo 45, Pijo hiyo haitahisi.

Wengi wanakosea kwenye kufunga. Usizibananishe. Ubao mkavu wa inchi sita ukinyonya mvua unatanuka milimita kadhaa, na ukikosa pa kwenda unainuka na kuvuta bolti. Acha mwanya wa milimita 6, maji yapite yaanguke chini. Paka mafuta ya kitani yaliyochemshwa (boiled linseed oil) pande zote kabla ya kufunga, hata upande usioonekana. Pale msumeno ulipokata rudia mara tatu au nne, maana maji hupanda humo kama mafuta kwenye utambi. Vanishi achana nayo: jua litaipasua, maji yaingie chini yake, mbao ziwe nyeusi. Mafuta unarudia tu kabla ya masika na kabla ya vuli.

Na tafadhali sana, matambara yenye mafuta hayo usiyarundike. Huwaka yenyewe. Yatandaze nje yakauke.

Mgeni wa Pangani
Wenye majahazi huku wanapaka sifa, yale mafuta ya samaki. Haifai?

Seremala wa Pwani
Mbao zitaipenda ndugu yangu, lakini ukibeba unga utanuka samaki.

Mleta mada
Asanteni sana wakuu. Bati la pili nimelikataa, na kesho naenda kuulizia mtiki. Leo jioni nimeinua ule mpira mzito baba aliotandika ili kulinda sakafu. Chini yake bado kulikuwa na unyevu, na mvua haijanyesha wiki nzima. Kwenye kona nimekuta kokwa za machungwa zimeganda ndani ya kutu. Mpira haurudi tena.