Wanaolalamikia sanamu za uchi si washamba

Kila sanamu ya mtu aliye uchi inaposimamishwa mahali pa wazi, wanaolalamika huambiwa hawajui sanaa. Napinga. Tena malalamiko hayo hayahusu stara peke yake.

Novemba 2020 ilizinduliwa London sanamu ya kumuenzi Mary Wollstonecraft, aliyeandika kutetea haki za wanawake mwaka 1792. Msanii Maggi Hambling aliweka kileleni kiumbo cha mwanamke asiye na nguo hata moja, akaeleza kwamba huyo si Wollstonecraft mwenyewe bali ni mwanamke yeyote. Miongoni mwa waliokasirika walikuwamo watetezi wa haki za wanawake! Hoja yao: wanafikra wa kiume huchongwa na makoti yao, sasa huyu mama anaenziwaje kwa kuvuliwa? Hebu mtu anijibu hilo bila kutaja ushamba.

Kingston, Jamaika, mwaka 2003, bustani ya Emancipation Park iliwekewa mwanamume na mwanamke wa shaba, wako uchi, kimo chao takriban mita 3, kazi ya Laura Facey ya kukumbuka ukombozi kutoka utumwani. Wapo wanaouona uchi ule kama kuzaliwa upya, na naielewa tafsiri hiyo. Lakini mtumwa alikaguliwa uchi mnadani. Kizazi chake kina haki ya kuuliza kwa nini hata uhuru wake uchongwe bila nguo.

Hofu ya upande wa pili, kwamba malalamiko huweza kuishia kwenye kuvunja sanamu, siibezi. Sétif, Aljeria, Desemba 2017, mtu alipanda juu ya chemchemi ya Ain El Fouara akamvunja uso na matiti mwanamke wa jiwe aliye uchi, aliyechongwa 1898. Mchongaji alikuwa Mfaransa wa enzi za ukoloni, ila wakazi wengi walishaifanya sanamu ile kuwa yao, na waliumia. Mwenye nyundo naye hakumuuliza mtu.

Ndani ya makumbusho sina ugomvi, anayeingia amechagua. Uwanjani sote tunapita, na watoto wetu. Basi wakazi waoneshwe mfano mdogo kabla shaba haijayeyushwa, na wakikataa, kazi itafutiwe ukumbi mwingine. Mnaosema huko ni kumfunga msanii mikono, nijibuni: kiwanja kikiwa cha umma, nani mwingine wa kuulizwa?