Acheni kuimba bwawa la Jangwani wakati vyoo bado vinatapishwa mtaroni

Wakuu, hoja hii ya bonde la Jangwani, Dar es Salaam, inarudi kila masika na inakera: "Jangwani panafurika, kiangazi mabomba makavu, si wachimbe bwawa pale tuvune mvua?" Halafu mtu anatupia picha ya Singapore.

Mkiitaja Singapore, semeni yote. Marina Barrage, lile bwawa lao la mjini kwenye mdomo wa bahari, ilifunguliwa 2008, inakinga maji ya hekta 10,000, karibu sehemu moja ya sita ya nchi. Ila kusafisha mito yao kulianza 1977 na kulichukua miaka 10: mabanda ya nguruwe na bata yaliondolewa, nyumba zikaungwa kwenye mabomba ya majitaka. Mtaro wao wa mvua haubebi choo.

Mto Msimbazi unaopita Jangwani je? Mvua ikishika tu, watu wanatoboa mashimo ya vyoo na kutapisha mtaroni, kwa kuwa gari la kunyonya ni ghali na vichochoroni halipiti. Jumlisha oili ya gereji, machupa ya plastiki na mchanga unaoshuka toka milima ya Pugu. Ukimwaga klorini kwenye tope la namna hiyo inaishia kwenye uchafu, vimelea vinabaki. Shabu ya kutuliza tope nayo itaenda kwa magunia. Na bahari ipo pale pale daraja la Salenda, mto unapoishia, ikijaa inapandisha chumvi mtoni.

Maji yanayofaa yako juu ya mabati, na hayo mnayaacha yaende! Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Dar inapata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la soko la mita za mraba 1,000, hata ukipoteza asilimia 20, ni lita 800,000.

Tena hata pale matangi yanapojengwa, kazi ni ya kulipua. Mtego wa maji ya kwanza, yale machafu yanayoosha paa mvua ikianza, unawekwa kipande cha bomba la inchi 4, urefu mita moja. Kile kinabeba lita 8 tu! Paa la mita za mraba 100 linatakiwa limwage lita 50 hadi 100 ndipo maji yaingie tangini. Zinazobaki zinaingia na vumbi na mavi ya kunguru, miezi miwili baadaye tangi linanuka na lawama anapewa mvua. Wekeni pipa la lita 100 lenye boya la kuziba likijaa, na koki ndogo chini inayodondosha ili liwe tupu kabla ya mvua nyingine.

Mwenye hoja ya bwawa aje na ramani ya mabomba ya majitaka ya Tandale, Manzese na Vingunguti, kipenyo na mteremko wake, na aseme yatamwaga wapi.