MREJESHO: Kuhamisha mtetemo kati ya nyuzi mbili za nano

Wakuu, habari zenu. Niliuliza hapa namna ya kuhamisha mtetemo kutoka uzi mmoja wa silikoni nitridi (aina ya kauri ngumu), upana nanomita 250 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), kwenda kwa jirani yake. Masafa yao, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, yalitofautiana kidogo tu, lakini mmoja ukitetema mwingine unatulia tuli.

Nilikuwa nazipasha moto kwa leza ili masafa yalingane; aliyeniambia niachane na hilo, nakushukuru sana. Joto lilikuwa linavuka hadi kwa jirani, masafa ya zote mbili yanashuka pamoja. Nikahamia kwenye volteji tuli (isiyopandashuka) ya elektrodi, yaani kipande kinachopitisha umeme, kilichopo pembeni. Nikiipandisha polepole, ile mistari miwili ya masafa kwenye grafu inasogeleana, inakaribia kabisa kugusana, halafu inakwepana! Hapo nikajua muungano upo, yaani nyuzi zinaathiriana.

Ushauri wa kupampu, yaani kuzichochea nyuzi kwa mdundo wa nje, kwa masafa yaliyo sawa na tofauti ya masafa ya nyuzi hizo, kama watafiti wa NTT (kampuni ya simu) kule Japani mwaka 2013 kwa vijiti vya galiamu aseni (gallium arsenide, aina ya semikondakta), umefanya kazi. Mtetemo unahama na kurudi. Pampu ikizimwa katikati ya safari, nyuzi zinagawana mtetemo huo.

Kilichogoma ni kuurudisha mtetemo mara nyingi. Unafifia mapema, na nikiongeza pampu masafa yanahama. Kuimarisha ombwe, yaani kuondoa hewa zaidi kuzunguka nyuzi, kumesaidia kiasi. Upotevu uliobaki nadhani uko ndani ya nyuzi zenyewe na pale zinaposhikiliwa.

Atakayekuja na shida hii aanze na volteji, pampu ifuate, tena ndogo. Asanteni sana wote.