Nilisaini nauli, wakaandika nimekubali mpango. Nyie mnaokusanya "maoni ya wananchi" huku Kilimanjaro mnatuumiza

Wakuu habari za jioni. Mods naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa bei ya kahawa, hili ni jambo lingine na nataka lisomwe lenyewe.

Mi naishi kijijini huku juu ya Moshi, kata siitaji. Nilirudi nyumbani baada ya kukaa Dar miaka mingi, nimekuta kihamba cha mzee, yaani shamba la urithi la familia, kama robo tatu heka hivi, migomba, kahawa na ng'ombe mmoja wa ndani. Mwanzoni mwa mwaka ikaja barua kwamba kila kijiji kitoe watu watano waende mjini kwenye warsha ya kupanga uchumi wa vijiji vyetu kwa miaka kumi ijayo. Barua imefika jumanne jioni, warsha ni alhamisi, na alhamisi ndo siku ya soko letu. Sasa niambieni mama gani wa huku ataacha mikungu imeshakatwa iko mlangoni ikaozee pale akasikilize semina? Mama yangu ndo anajua kila kitu kuhusu biashara ya ndizi, anajua dalali anapunja wapi na mwezi gani bei inalala, hakwenda. Nafasi ya mwanamke ikaenda kwa dada mmoja wa duka ambaye hata mgomba mmoja hana, kisa siku hiyo alikuwa na nafasi. Kijana nikapelekwa mimi, nina miaka 39, vijana wenyewe wako Dar na Arusha wanaendesha boda.

Tumefika ukumbini tukaambiwa tufunge macho tuione jamii yetu mwaka 2050, kwa sababu Dira ya Taifa sasa inasema 2050. Sawa, tumefunga. Tumefungua tukapewa vikaratasi vya rangi, kila mtu aandike kikwazo kimoja na fursa moja, wanabandika ukutani. Kuna babu mmoja tulikwenda naye, ana zaidi ya miaka 70, ndo amekuwa akisimamia mfongo wetu, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia, tangu mimi niko shule ya msingi. Akasimama akaeleza, taratibu kabisa, maji yanachukuliwa wapi, banio la juu (pale maji yanapokingwa yaingie mfongoni) lilibomoka mvua za mwaka gani, zamu zilikuwa zinagawanywaje kati ya koo na koo, na kwanini sasa wa chini wanamwagilia usiku tu, na kwamba bila mfongo hata ukileta miche mizuri namna gani inakufa kiangazi cha kwanza. Kaongea kama dakika kumi. Mwezeshaji akamshukuru, akageuka akaandika kwenye karatasi kubwa neno moja: MAJI. Babu aliangalia lile neno halafu akakaa, na hakuongea tena mpaka tunaondoka. Mimi ile picha hainitoki.

Sasa wakati wa chai nikapita karibu na meza ya mbele. Kuna kitabu kimeshachapwa, kina jalada, kimebanwa vizuri kabisa. Nikafungua katikati. "Miradi iliyoibuliwa na wananchi." ILIYOIBULIWA. Vikaratasi vyetu bado viko ukutani, gundi haijakauka! Na mradi wa kwanza ni kituo cha kukusanya parachichi. Sina ugomvi na parachichi, wapo wanaolima na wanapata hela nzuri, lakini ule mti unataka nafasi, sisi vihamba vimegawanywa baba kwa mtoto mpaka wengine wamebaki na nusu heka, ukipanda parachichi utang'oa nini, mgomba unaokulisha? Hata swali hilo hakuna aliyeuliza.

Jioni tukapanga mstari kuchukua nauli, elfu kumi kila mtu, unasaini karatasi unaondoka. Mwezi uliopita kamati ya maendeleo ya kata imekaa, mpango ukasomwa, na nyuma yake kuna kiambatisho, "orodha ya wananchi walioshiriki na kuridhia". Jina langu namba 31 na saini yangu. Ni ile ile ya nauli wakuu. Mimi sijaridhia kitu, nimesaini elfu kumi. Na saini ya babu ipo pale pale, mzee ambaye maneno yake yote yamekuwa neno moja.

Na ombi la kukarabati banio limeondolewa, maana "wananchi wenyewe wameweka kipaumbele kingine". Hapo ndo nilipopandwa na hasira kweli, kwa sababu tukilalamika sasa tunaonekana vigeugeu.

Na msije kuniambia watu wa vijijini hawajui kupanga. Hapa hapa Kilimanjaro wakulima walianzisha chama chao cha kahawa KNPA mwaka 1925, mwaka 1933 ikaja KNCU, chama kikuu cha ushirika, wakakusanya kahawa yao na kuiuza pamoja, mpaka 1976 serikali ilipovifuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, vikaja kurudi miaka ya 80. Mfongo ni wa zamani kuliko vyote hivyo. Mpaka leo ikipigwa mbiu ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, kila nyumba inatoa mtu na jembe, asiyekuja analipa faini, hakuna posho, hakuna soda, na kabla watu hawajatawanyika kila mmoja anajua zamu yake ni lini. Huo si mpango? Tofauti ni kwamba pale anayeamua ndo huyo huyo atakayekosa maji akiamua vibaya.

Halafu suala la muda. Mche wa kahawa ukiupanda leo unasubiri kama miaka mitatu ndo uanze kuzaa vizuri. TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungu, wana miche inayovumilia magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, watu wanaitaka, lakini nani atang'oa mibuni ya babu yake asubiri miaka mitatu bila kujua maji yatakuwepo? Hilo ndo swali la kukalisha watu chini, tena siku kadhaa, kijijini kwenyewe, sio masaa sita tu mjini. Mkitaka watu wote njooni desemba. Wachaga wote wako nyumbani, wa Dar, wa Mwanza, wenye hela na wasio na hela, na ndo wakati familia zinakaa kuongea habari za vihamba. Hakuna mtu wa mipango niliyewahi kumuona huku desemba.

Sheria ipo, nimeisoma, Sheria ya Serikali za Mitaa Mamlaka za Wilaya namba 7 ya 1982. Mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi wa kuanzia miaka 18, ndo wenye kauli ya mwisho kwenye sera na mambo ya kijiji, sio watu watano waliopewa nauli. Na Katiba ibara ya 146 inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Huo mpango haujawahi kuletwa kwenye mkutano mkuu wetu hata siku moja.

Nimeongea na mwenyekiti, kaniambia niache, eti nitakosesha kijiji mradi. Siachi. Mkutano mkuu ni jumamosi ya wiki ijayo, nataka ajenda iingie kwamba ile orodha ya saini haituhusu na banio la mfongo lirudi. Babu kakubali kusimama tena kuongea, na safari hii mimi ndo nitaandika, neno kwa neno.

Kwa hiyo wanasheria na watu wa halmashauri mliomo humu: kijiji kikishapiga kura kukataa, muhtasari unapelekwa kwa nani na nani lazima agonge muhuri? Kama kuna mtu kijiji chake kilishawahi kurudisha mpango wa namna hii naomba anieleze walifanyaje, hata PM.