Naomba ushauri: walimu, vishikwambi na maandalio ya somo

Habari zenu walimu wenzangu. Mimi ni mtaaluma (mwalimu msimamizi wa taaluma) wa shule ya msingi huku Newala, Mtwara. Vile vishikwambi vya Sensa ya 2022 tulivyogawiwa, walimu vijana wanavitumia kuiagiza ChatGPT, ile programu ya akili bandia, iwaandikie maandalio ya somo. Juzi nimekagua moja la hisabati, Darasa la Tatu: mifano yote matufaha na treni, wakati watoto wetu wanahesabu korosho! Walimu wakongwe wao wamevifungia kabatini. Nimeitisha mafunzo Ijumaa mbili, wakaja vijana tu. Kupiga marufuku sitaki, maana makaratasi yanatuchosha kweli.

Niwavuteje wakongwe bila kuwavunjia heshima? Na nikague nini hasa, nijue mwalimu amelifikiria andalio lake kabla ya kuingia darasani?

Natanguliza shukrani.