Naomba ushauri: fulu na vyura wa majini katika tangi moja

Ndugu wafugaji wa samaki, hamjambo? Ninaishi Kisumu na ninaandaa tangi la kioo la lita 200 sebuleni. Nia yangu ni kufuga fulu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria ambao spishi zao nyingi zilipungua sana baada ya mbuta (sangara, samaki mkubwa anayekula samaki wengine) kuingizwa ziwani katika miaka ya 1950, pamoja na vyura wenye kucha ambao huishi majini maisha yao yote. Fulu nawapenda hasa kwa sababu jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni, na ningependa watoto wangu waone jambo hilo kwa macho yao.

Wasiwasi wangu mkubwa ni vyura. Chura huyu hana ulimi, husukuma chakula mdomoni kwa mikono, na humeza samaki yeyote anayeenea mdomoni mwake. Kwa upande mwingine, fulu dume hulinda eneo lake kwa ukali na huenda akamdonoa chura. Je, mawe mengi yenye mapango yatatosha kuwatenganisha, au ni heri niweke matangi mawili?

Pia, vyura hawa hupenda maji yaliyopoa na yasiyo na mkondo mkali, ilhali joto la hapa mnalijua, na fulu wanahitaji chujio lenye nguvu. Maji ya mfereji nitayatoa klorini kwanza. Aliyewahi kuwafuga pamoja anieleze pia hufanya nini umeme unapopotea na pampu ya hewa kuzimika.